Boma ni la nani? Filamu ya mbwa-mwitu, Chetambe na ngeli ya adui

Jioni moja ya Disemba mvua ilinikuta sokoni Mautuma, kaunti ya Kakamega, nikaingia kwenye kibanda cha video kujisitiri. Ndani mlikuwa na vijana wa bodaboda, wanafunzi waliofunga shule, na mzee mmoja aliyevaa koti la mvua. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, lakini juu yake ilipita sauti ya dijei, mmoja wa wale wanaofasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mitaani, wakachanganya tafsiri na utani.

Nikaitambua filamu yenyewe. Ni Dog Soldiers, iliyoandikwa na kuongozwa na Neil Marshall mwaka 2002. Wanajeshi sita wa Uingereza wako mazoezini katika nyanda za juu za Scotland. Usiku wanashambuliwa na viumbe vyenye mwili wa mtu na kichwa cha mbwa-mwitu. Mwanamke mmoja, Megan, anawachukua kwa gari lake na kuwapeleka kwenye nyumba ya pekee bondeni. Nyumba haina mtu, ila chakula kiko jikoni. Wanafunga milango, wanaziba madirisha, wanahesabu risasi, wanangojea alfajiri. Kuna pia kapteni wa kikosi maalumu ambaye, kumbe, alitumwa kumkamata mmoja wa viumbe hao akiwa hai, na wale askari walikuwa chambo tu.

Kufikia mwisho tunapata habari mbili. Ya kwanza, viumbe walioko nje ni familia yenye nyumba ile. Ya pili, Megan ni mmoja wao.

Hapo ndipo sikio langu la mwalimu wa Kiswahili liliposimama. Tangu mwanzo dijei alikuwa akisema, "Dada amefungua mlango, dada amewaambia wapande juu." Megan alipoanza kubadilika, dijei akapiga kelele, "Wee! Dada amegeuka... limegeuka! Linakuja!" Katika pumzi moja, mtu alihamishwa kutoka ngeli ya A-WA hadi ngeli ya LI-YA. Vijana wakacheka. Yule mzee hakucheka. Akauliza, kama anayejisemea, "Kwani hii nyumba ni ya nani?"

"Mzee, tulia," kijana mmoja akamjibu. "Hii ni picha tu."

Mpenzi msomaji, nimekaa na swali la mzee yule kwa muda, nami naona ni swali la historia kama lilivyo la lugha. Hebu tuanze na lugha.

Kiingereza kina neno moja la kiumbe huyu, werewolf. Sehemu ya kwanza, wer, ni neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya mwanamume, nalo ni ndugu wa neno la Kilatini vir. Sehemu ya pili ni mbwa-mwitu wa Ulaya. Sisi hatuna neno moja la aina hiyo. Mbwa-mwitu wetu ni mnyama mwingine, yule wa mabaka awindaye kwa makundi, na watafsiri wa Biblia ndio waliomzoesha kubeba jina la yule wa Ulaya. Kwa hiyo dijei hutumia anachokipata: "majini", "mazimwi", "mbwa-watu".

Kukosa neno si kukosa habari. Singida, katika Tanganyika ya miaka ya 1940, vifo vilivyodhaniwa kuwa kazi ya simba viliishia mahakamani, na walioshtakiwa walikuwa watu. Huko mashariki ya Kongo, katika miaka ya 1930, serikali ya Wabelgiji iliwanyonga watu kwa mauaji ya wale walioitwa anioto, chui-watu. Nasi Waluhya tunaye linani, yule jitu la hadithi za jioni anayemeza watoto, na wingi wake ni amanani. Tazama viambishi: li- na ama-. Ni ngeli ileile ya zimwi na mazimwi ya Kiswahili.

Sasa, sarufi ya Kiswahili ina ukarimu ambao wengi wetu tumeuzoea hata hatuuoni. Kiumbe chenye uhai hupewa upatanisho wa A-WA hata kama umbo la jina lake ni la ngeli nyingine. Twasema "kiongozi amefika", si "kimefika". Twasema "kipofu anaimba", "kijana ameanguka", "simba amekula", "nzi ametua". Mtu, simba na nzi wote wanaingia mlango mmoja. Ukimwita mtu simba, humwondoi kwenye ngeli ya wenye uhai. Pengine hata umemsifu.

Mtu hutolewa nje ya mlango huo kwa njia nyingine: kwa kukuzwa au kudunishwa. "Mtu amekuja" huwa "jitu limekuja". "Mtoto analia" huwa "kitoto kinalia". Ndiyo maana methali yetu ya zimwi imeshika LI tangu mwanzo hadi mwisho: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Na angalia hekima iliyomo humo. Zimwi si mgeni. Ni likujualo. Wahenga walijua kwamba kinachotisha zaidi ni kile kilichokuwa kikituita kwa jina jana.

Tukishika kamba hiyo ya sarufi, tunaweza kuingia nayo katika historia yetu ya watu waliozingirwa. Na hapa nchini kisa cha kwanza kinachokumbukwa na dunia ni cha Tsavo.

Mwaka 1898 reli ya Uganda ilifika mto Tsavo. Msimamizi wa ujenzi wa daraja alikuwa J. H. Patterson, afisa wa jeshi la Uingereza. Kwa miezi kadhaa simba wawili wa kiume wasio na manyoya ya shingoni waliwavamia vibarua usiku, wengi wao Wahindi, wakawaburuta kutoka mahemani. Vibarua walizungushia kambi zao uzio wa miiba, simba wakaupenya. Mwezi wa Disemba mamia ya wafanyakazi walipanda treni na kukimbia, kazi ikasimama kwa takribani wiki tatu, mpaka Patterson alipowaua simba wote wawili kabla ya mwaka kwisha. Baadaye Patterson alitaja idadi ya waliouawa kuwa 135. Watafiti waliopima mifupa na manyoya ya simba hao, ambao sasa wamehifadhiwa katika makumbusho ya Field mjini Chicago, walikadiria mwaka 2009 kwamba waliliwa watu wapatao 35.

Lakini kinachonihusu mimi ni jambo jingine ambalo Patterson mwenyewe aliliandika katika kitabu chake cha mwaka 1907. Watu kambini walikuwa wakisema kwamba hao si simba. Ni roho za machifu wawili wa nchi ile waliokufa, zilizojivika umbo la simba ili kupinga reli kupitishwa katika ardhi yao. Patterson aliiona imani hiyo kama ushirikina wa watu wenye hofu. Sawa. Ila ukiivua ushirikina, inabaki hoja kamili: tumezingirwa kwa sababu tumejenga kambi katika boma la watu. Vibarua waliofia hapo walikuwa wameuliza, kwa lugha yao ya hofu, swali la mzee wa Mautuma.

Nimetaja boma makusudi. Hilo ndilo neno alilolitumia Patterson katika Kiingereza chake kwa ule uzio wa miiba, kwa sababu lilikuwa limekwisha kuingia midomoni mwa Waingereza wa Afrika Mashariki. Boma ni uzio wa ng'ombe. Boma ni ngome. Boma ni ofisi ya serikali, ndiyo maana hadi leo mtu huenda "bomani" kutafuta stakabadhi. Na hapa Kenya boma ni nyumbani kwa mtu: "boma la mzee fulani". Neno moja limebeba zizi, ngome, serikali na makao. Ukisikia kwamba boma limezingirwa, huna budi kuuliza: boma lipi katika hayo manne, na nani alikuwa wa kwanza kulijenga?

Filamu za mazingiwa hazipendi swali hilo. Zinakuweka ndani ya ukuta, zinakupa majina ya walio ndani, zinakuchekesha na utani wao, kisha zinawaacha walio nje wawe kundi lisilo na majina. Dog Soldiers haifichi deni lake kwa filamu ya Zulu ya mwaka 1964, iliyosimulia mapigano ya Rorke's Drift ya tarehe 22 na 23 Januari 1879. Huko askari wa Uingereza wapatao 150 walijifungia katika kituo cha misheni wakawazuia Wazulu kati ya 3,000 na 4,000. Askari 11 walipewa nishani ya Victoria Cross. Ni kisa cha ujasiri, sikatai. Lakini Uingereza ndiyo iliyovuka mpaka na kuingia katika nchi ya mfalme Cetshwayo mwezi uleule. Marshall aliwachukua wanajeshi wale, akawaongezea redio na bunduki za kisasa, na pale palipokuwa na Wazulu akaweka mbwa-watu. Nafasi ya adui katika muundo ule ilikuwa tayari imechongwa kwa kipimo cha mnyama. Mnyama halisi akaitoshea bila taabu.

Sisi wa magharibi mwa Kenya tuna mazingiwa yetu, na yamekaa kinyume. Ukishika barabara kuu ya Eldoret kuelekea Webuye, mji uliokuwa ukiitwa Broderick Falls, utaiona milima ya Chetambe imeinuka juu ya mji. Huko juu palikuwa na ngome ya udongo yenye handaki, inayokumbukwa kwa jina la Chetambe Ifile wa Watachoni. Wabukusu wanaita kijiji chenye ukuta wa namna hiyo lukoba. Lukoba si kambi ya jeshi. Ni mahali ambapo watu walilala na mifugo yao, na siku ya vita wakajitetea humohumo.

Mwaka 1895 sehemu hii yote ilihesabiwa kuwa chini ya himaya ya Uganda, na mwakilishi wa serikali aliyekaa Mumias, kwa Nabongo Mumia, alikuwa C. W. Hobley. Kulikuwa na ugomvi juu ya bunduki zilizokuwa mikononi mwa Wabukusu. Kabla ya hapo kikosi cha askari wa Kisudani kilikuwa kimetumwa kuzidai, kikaangamizwa. Serikali ikajibu kwa msafara mkubwa wa Wasudani, Waganda, watu wa Wanga na Wamaasai. Ngome ya Lumboka ikaanguka kwanza. Waliosalia wakajikusanya Chetambe. Huko mikuki, ngao na bunduki chache zilikutana na silaha za kisasa, na ukuta wa udongo haukutosha.

Katika kisa hiki, basi, waliozingirwa ndio wenye boma. Waliokuwa nje ndio waliokuwa na silaha za kisasa. Kama ni filamu, kamera ingepaswa kukaa ndani ya lukoba, pamoja na wanaume wanaoziba lango, huku nje zikisikika sauti za lugha zisizoeleweka. Lakini aliyeishika kalamu alikuwa nje. Hobley alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1929, na katika maandishi ya enzi ile waliokuwa ndani hawakuitwa hata kwa jina lao. Waliandikwa Kitosh, jina ambalo hawakujipa na ambalo baadaye walilikataa. Wakati mwingine waliwekwa katika gunia kubwa zaidi lililoitwa Kavirondo, lililowatia Waluhya na Wajaluo pamoja. Sisemi kwamba jina hilo peke yake liliua mtu. Nasema kwamba mtu aliyekwisha kunyang'anywa jina ni rahisi kusimuliwa kama kundi, na kundi likifa hesabu yake haimsumbui msomaji.

Kuna mtu atakayeniambia: mwalimu, usiwafanye walio nje kuwa mazimwi nawe pia. Ni kweli, na historia yenyewe inanikanya. Wale Wasudani walikuwa mabaki ya jeshi la Emin Pasha, walioajiriwa na Lugard mwaka 1891, wakazungushwa kutoka vita hadi vita, na mishahara yao ilikuwa midogo na ya kuchelewa. Mwaka 1897, walipotakiwa kufunga safari nyingine ndefu, wengi wao waliasi. Kuanzia Oktoba mwaka huo hadi Januari 1898 walijifungia katika ngome ya Lubwa huko Busoga, nao sasa wakazingirwa na Waingereza, Waganda na Waswahili. Miaka miwili tu baada ya Chetambe, waliokuwa nje ya ukuta walikuwa ndani. Walikuwa "askari" katika ripoti ya kwanza na "waasi" katika ya pili. Nami namkumbuka yule kapteni wa kwenye filamu aliyewafanya wanajeshi wenzake chambo. Serikali inayomtuma mtu kuwinda mazimwi inaweza kumtia katika orodha hiyohiyo kesho.

Kumbukumbu ya Chetambe haikufa. Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, alipelekwa na wakoloni katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mwaka 1945. Alipotoka mwaka 1947, aliwaongoza wafuasi wake hadi Chetambe kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Mwaka uliofuata dini yake ilipigwa marufuku. Msambwa ni roho za waliotutangulia. Vibarua wa Tsavo waliziona roho za machifu katika simba. Wafuasi wa Masinde walikwenda kuzikumbuka za kwao kilimani, mahali zilipotokea. Na serikali, ilipoishiwa na maneno ya kumjibu Masinde, ilimtafutia neno moja: wazimu. Hilo nalo ni njia ya kumtoa mtu katika mazungumzo ya watu.

Miaka michache baadaye Kenya yenyewe ikawa filamu ya mazingiwa. Mwaka 1955, vita vya Mau Mau vikiwa bado vinaendelea, Waingereza walitoa filamu iliyoitwa Simba, iliyoongozwa na Brian Desmond Hurst, mwigizaji mkuu akiwa Dirk Bogarde. Simba ni jina la siri la kiongozi wa wapiganaji. Mchana ni mzee wa kijiji anayeheshimika; usiku ndiye anayeongoza mauaji. Mwishoni, shamba la mzungu linavamiwa. Ukiitazama leo, utaona kwamba ni filamu ya mbwa-mtu bila manyoya. Jirani wa mchana, mnyama wa usiku, na familia iliyojifungia ndani ya nyumba. Filamu ile ilikuwa na huruma kwa Mwafrika mmoja, daktari aitwaye Karanja, naye anauawa. Lakini kamera, kama ilivyo ada, ilikuwa sebuleni mwa mlowezi. Swali la aliyekuwa akiishi pale kabla ya sebule kujengwa lilibaki nje, gizani, pamoja na wavamizi.

Hapo ndipo narudi Mautuma kwa miguu yangu miwili, kwa sababu Mautuma na Lugari zilikuwa katika nyanda za walowezi. Uhuru ulipokaribia, mashamba yao yalinunuliwa na kugawanywa katika skimu za makazi. Familia zilikuja kutoka Maragoli, Bungoma na kwingineko, kila moja na lugha yake, zikajenga maboma juu ya mashamba yaliyokuwa ya walowezi, ambayo nayo yalikaa juu ya malisho na makao ya watu waliokuwapo kabla yao. Ukiuliza "boma ni la nani" hapa, utapewa majibu matatu au manne, na kila mmoja ana sababu zake. Swali hilo si baya. Ubaya ni pale linapojibiwa kwa kubadilisha ngeli.

Tangu chaguzi za miaka ya 1990 katika Bonde la Ufa, na tena katika ghasia za mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, kulisikika neno "madoadoa". Ati yaondolewe. Doa ni alama chafu juu ya nguo. Madoadoa ni alama nyingi ndogondogo. Waliokusudiwa walikuwa watu: mama muuza mboga, fundi wa baiskeli, mwalimu wa shule ya msingi. Lakini sentensi haikusema "waondolewe". Ilisema "yaondolewe". Kiambishi kimoja tu, wa- kugeuka ya-, na kazi ya simanzi ikawa kazi ya usafi. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zile, na maelfu kwa maelfu waliyahama makwao, wakiwemo wa Turbo na Lugari. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililitia neno hilo katika orodha ya maneno ya chuki. Ni hatua njema, ila tume inaweza kupiga marufuku neno, haiwezi kupiga marufuku ngeli. Kesho patatafutwa neno jingine la LI-YA au KI-VI. Afadhali kumfundisha mwanafunzi kulisikia lile badiliko lenyewe, popote litakapojitokeza: siku utakaposikia jirani yako amepewa upatanisho wa doa, gugu au takataka, ujue kuna mtu anaziba madirisha na kuhesabu risasi.

Nimejaribu jambo hili darasani. Niliandika ubaoni: "Madoadoa yaondolewe." Nikawauliza wanafunzi wa kidato cha tatu watambue kiima. Wakajibu upesi: madoadoa, nomino, ngeli ya LI-YA. Kisarufi walikuwa sahihi. Nikauliza tena: ni akina nani? Darasa likanyamaza. Msichana mmoja wa nyuma akasema polepole, "Ni sisi, mwalimu. Ni kina mama." Sikuwa na alama ya kumpa kwa jibu hilo, maana mtihani hauliulizi.

Jioni ile ya kibanda, mvua ilipopungua, nilitoka pamoja na yule mzee. Nikamsalimu, "Mulembe, mzee." Akaitikia. Nikamwambia kwamba swali lake limenikaa. Akacheka kidogo, akanieleza kwamba Januari ya 2008 yeye na mkewe walilala shuleni majuma kadhaa, na waliporudi walikuta kuta tu.

"Watu husema zimwi likujualo halikuli likakwisha," akaniambia. "Hawa walinijua jina. Mmoja nilimpa ng'ombe wa kulimia, na wa maziwa pia."

Nikamuuliza kama bado anaishi hapohapo.

"Niende wapi? Nilijenga tena. Na yule kijana ni jirani, ana watoto." Akanyamaza. "Alikaa miaka miwili bila kunitazama. Halafu siku moja akaja langoni, akasimama nje, akabisha hodi. Mama ya watoto akasema tusimjibu. Mimi nikamwambia, mtu akibisha hodi ni mtu. Nikamwitikia."

Tukatembea kimya, tukikwepa madimbwi. Tulipofika njia panda akarudi kwenye filamu, kana kwamba tulikuwa hatujaiacha.

"Wale askari wa kwenye picha," akasema, "uliwaona? Waliingia nyumba ya watu, chakula kiko jikoni. Hakuna hata mmoja aliyebisha hodi."